Kamba ya Kichwani

Lorimer Close, Dundee
9 Septemba 1963

Mdogo wangu Ranald,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya dukani tunaishia kupigiana kelele, na mwenye duka hubana pumzi asikie vizuri. Mimi mzima. Baba kifua kimemkamata tena. Daktari aliniita kwenye ngazi akaniambia nisijisumbue kumnunulia koti jipya mwaka huu. Ndivyo alivyosema. Nikamshukuru, nikafunga mlango.

Hilo nimeshalilia. Kinachonifanya nishike kalamu ni kingine. Mtaa wetu unavunjwa. Yote, kuanzia kwa muuza pai hadi kanisani. Wataweka maduka ya vioo na barabara pana ya kupokea magari ya daraja jipya. Tangazo limebandikwa mlangoni chini. Bella Rennie alilisoma kwa sauti kama mhubiri, alipomaliza akasonya hadi paka akakimbia.

Baba kasema haendi. "Nimezaliwa kwenye chumba hiki, mama yenu kafia humu, na mimi mtanitolea humu humu. Wakiona nachelewa wasubiri kidogo, kwani nina muda gani?"

Wewe unajua jiko lile ni nini kwake. Nyumba za wenzetu huko kwingine zilikuwa na mama jikoni, yetu ilikuwa na yeye. Walimfukuza kiwandani siku alipofikia umri wa kulipwa kama mwanamume, wakachukua kijana mwingine. Mama akabaki kwenye mtambo wa kufuma juti ya magunia, baba akabaki na sisi, kama nusu ya wanaume wa mji huu. Alitufulia nepi, alinisuka nywele. Watu wa Glasgow wakawaita wachemsha birika. Siku ile uliporudi na damu puani kwa ajili ya jina hilo, alikuwekea kijiko cha baridi shingoni, na hakukuuliza ulipigana kwa nini.

Sasa nakuomba. Unasema unachora barabara za huko Lanarkshire, lakini watu wa kazi moja hujuana. Waombe watuache mwisho, waanze upande wa pili wa mtaa. Sitaki nyumba nzuri wala fidia. Nataka afie karibu na moto wake, basi.

Anauliza kama unavaa fulana ya ndani.

Dada yako,
Isa

*

Glasgow
27 Septemba 1963

Mpendwa Dada Isa,

Barua yako ilinihuzunisha. Nimeisoma ofisini na tena njiani.

Lakini dada, na wewe tuseme ukweli. Choo kipo kwenye ngazi na mnakitumia kaya nne. Ukuta wa chumba cha nyuma unatoa maji. Tusipende mawe kuliko watu. Juti inakufa, wewe mwenyewe umesema mitambo miwili kati ya mitatu imefunikwa vitambaa. Viwanda vinavyoajiri sasa ni vya saa za mkononi na vya mashine za kuhesabia, na wenye navyo hawaji kwenye mji wa vichochoro. Wanataka barabara, maduka, nyumba zenye bafu. Miaka kumi ijayo hutautambua mji huo, na utafurahi.

Kuhusu baba, nitazungumza na watu. Mwambie asiwe na wasiwasi, upande wenu utakuwa wa mwisho kuguswa. Mwambie nimesema mimi.

Moira hajambo. Angependa kuja, ila safari za treni hazimkubali.

Ndiyo, ninavaa.

Mdogo wako,
Ranald

*

Lorimer Close
18 Novemba 1963

Ranald,

Ungemwona baba na barua yako! Ameisoma ngazi nzima, mlango kwa mlango, na miwani ya mama puani. Bella alipomwambia, "Wee Dauvit, hama bwana, utaangukiwa na paa," alimpungia bahasha usoni. "Mwanangu kaandika, 'nimesema mimi.'"

Mambo yamekwenda haraka huku. Akina Bella wamepewa nyumba mtaa wa Lochee, ya ghorofa ya chini, yenye meko. Bwana wa nyumba za mji alikuja hadi kwetu akataka kumpa baba nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na Bella. Ina meko pia. Mimi moyo uliniruka, kusema kweli, maana kama si moto wake basi angalau moto. Baba akakataa. Akamwambia yule bwana kwamba upande wetu ni wa mwisho, kwamba ana mtu anayejua. "Mtu gani, mzee?" "Ranald Kinnear, anachora ramani Glasgow. Utamsikia." Yule bwana alimtazama sana, akatazama makaratasi yake, akavaa kofia akaondoka. Sikumwelewa.

Nikamwambia baba tungeichukua ile ya Lochee. Akaniuliza kama namwita ndugu yangu mwongo.

Basi tumebaki peke yetu kwenye ngazi. Taa ya ngazini wameikata. Mimi natoka kazini na kofia yangu na glavu zangu za kifumaji, napanda kwa kupapasa kama mwizi, na juu kabisa naona mwanga chini ya mlango wetu na nasikia birika.

Jana aligawa kamba za kushushia jeneza lake, nani atashika ipi. Alikaa kitandani akazigawa kama karata. Ya miguuni ni ya mume wa Bella. Za ubavuni kawapa wazee wa klabu ya njiwa, "wale ambao bado wana mikono". Ya kichwani, namba moja, ni yako. "Huko ndiko kuna uzito," alisema, "ashike mwenye mabega." Mimi nilikuwa nakaanga viazi. Niliuliza kwa utani yangu iko wapi, akacheka hadi akakohoa. Wewe utakuwa unamshusha kaburini, mimi nitakuwa nyumbani na wanawake wenzangu tukipasha pai. Ndivyo tulivyo.

Uje kabla ya hapo, Ranald. Miaka minne umeoa, mkeo hatujui hata urefu wake.

Isa

*

Glasgow
22 Novemba 1963

Dada Isa,

Kwa nini baba ametaja jina langu kwa watu wa mji? Tafadhali lisitajwe tena, kwa yeyote. Siwezi kueleza kwenye barua, ni mambo ya kazi tu.

Chukueni nyumba ya Lochee. Nenda kesho, usingoje barua nyingine. Nilizungumza na watu, na wanasema mipango inaweza kubadilika.

Ranald

*

Lorimer Close
4 Februari 1964

Ranald,

Lochee nilikwenda siku ile ile niliyopata barua yako, na kofia yangu nzuri. Ilikuwa imeshakwenda kwa watu wengine. Yule bwana akaniambia kilichobaki ni nyumba ya ghorofa ya tisa, kule juu nje ya mji, na kwamba tulipaswa kuomba mapema. Sikumwambia baba. Nilimwambia bado tuko mwisho, kama ulivyosema.

Kumbe sivyo. Ijumaa iliyopita walikuja wapimaji na kile chombo chao cha miguu mitatu. Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta meza imetandikwa. Kitambaa cha mama, mkate umekatwa, mamaledi ya machungwa, na vikombe vitatu, kimoja kile chako cha buluu. Baba amevaa kola. Hajavaa kola tangu Krismasi.

"Ranald yuko chini," akaniambia. "Ana kazi kidogo, akimaliza atapanda."

Nikachungulia dirishani. Giza tupu, hakuna hata mbwa. Nikamuuliza alimwona saa ngapi. Kumbe tangu mchana. Alimwona mtu mwenye koti la kijivu na kofia, akionyesha kwa kidole ngazi yetu, akiandika, akipita mbele ya mlango wetu wa chini na kurudi. Baba alitaka kufungua dirisha aite, pumzi ikamkatalia. Akaona afadhali achemshe maji. Birika lilipokauka alilijaza tena, na tena. Chai ndani ya buli ilikuwa nyeusi kama lami.

Nikamwambia, baba, macho yako. Mpita njia tu yule. Baadaye akasema, "Labda ana haraka ya treni," na akaacha kikombe palepale mezani. Kipo hadi leo, kila nikikiondoa anakirudisha.

Nakuomba uniandikie mstari mmoja kwamba hukuwa wewe, nimsomee. Mstari mmoja tu, mdogo wangu. Mimi nitaamini chochote utakachoandika, sina nguvu ya kufanya vingine.

Isa

*

Glasgow
7 Februari 1964

Dada Isa,

Sikuwa mimi. Tangu mwaka mpya sijatoka Glasgow. Macho ya wazee humwona wanayemtaka. Msomee hivyo, na umpe salamu zangu nyingi.

Moira na mimi tunatarajia mtoto mwezi wa saba. Huenda habari hii itamfurahisha.

Ranald

*

[Kadi iliyochapwa, ukingo mweusi]

DAUVIT KINNEAR
aliyeishi Lorimer Close, Dundee
amefariki dunia tarehe 19 Machi 1964.
Mazishi Jumanne tarehe 24, saa nane mchana.

Bwana Ranald Kinnear anaombwa kwa heshima kushika
KAMBA NAMBA MOJA, KICHWANI.

[Kwa mkono, nyuma ya kadi]

Njoo. Mengine tutasema baadaye. Njoo tu. Isa.

*

Bearsden, Glasgow
21 Machi 1964

Kwa Bi Isa Kinnear,

Utaniwia radhi kukuandikia bila kujuana. Mimi ni mke wa Ranald. Kadi yenu ililetwa nyumbani asubuhi ya leo kutoka ofisini kwake, na kwa kuwa ina ukingo mweusi nilithubutu kuifungua. Tafadhali pokea pole zangu kwa kuondokewa na mzazi.

Nilimsomea Ranald kwenye simu. Amesema ni jamaa wa mbali upande wa baba yake, na kwamba jina Kinnear ni la wengi huko kwenu. Kinachonisikitisha ni kuwa yuko huko huko Dundee wiki hii na ijayo. Ndiye msimamizi wa michoro ya barabara mpya, labda umesikia. Amesema ratiba haimruhusu kuja makaburini. Nilimsihi, hata kidogo, kwa ajili ya jina la familia. Hakutaka tulizungumze.

Nadhani ni jambo linalomtia uchungu. Kama unavyojua, alimpoteza baba yake angali mdogo, yule nahodha aliyezama na meli. Hana hata kaburi la kutembelea. Mazishi yoyote humkumbusha.

Nina swali moja, usilione la ufidhuli. Hivi kadi haikukosewa? Huku kwetu kamba ya kichwani hushikwa na mtoto wa kiume wa marehemu. Au mzee hakujaliwa mtoto wa kiume?

Nimetuma maua. Niliagiza meupe, nikitumaini mtapendezwa nayo.

Kwa heshima,
Moira Kinnear

*

Dundee
25 Machi 1964

Kwa Bi Moira Kinnear,

Asante kwa barua na kwa maua. Yalikuwa mazuri kuliko yote yaliyokuwapo, tumeyaweka upande wa kichwa.

Kadi ilikosewa. Hakubaki na mtoto wa kiume. Sisi na mumeo ni jamaa wa mbali.

Jifungue salama. Mtoto akizaliwa, mvishe fulana ya ndani, hata kiangazi. Upepo wa nchi hii si wa kuaminiwa.

Isa Kinnear

*

Dundee
25 Machi 1964

Ranald,

Naituma hii kwenye ofisi yako ya hapa mjini, uisome mwenyewe.

Walikuja kututoa tarehe kumi na mbili. Walikuwa watu wa adabu. Walimbeba baba kwenye kiti chake, wawili, wakimwita mzee, wakimwambia ajishike. Kwenye ngazi ya katikati mimi nikashindwa, nikamrukia msimamizi wao. Nilimwambia tuliahidiwa kuwa wa mwisho, wameanzaje na sisi? Yule maskini akashtuka. "Mama, upande huu ndio ulikuwa wa kwanza tangu mwanzo. Bwana Kinnear wa Glasgow ndiye aliyepanga. Ijumaa ile alikuja kuhakikisha mwenyewe."

Baba alikuwa kwenye kiti, kati ya ghorofa na ghorofa, na blanketi magotini. Alisikia kila neno. Wale vijana wakasimama, hawakujua waendelee au vipi. Baba akasema, "Majina yanafanana. Haya, twende, mikono yenu itachoka."

Kule juu hakuna meko. Kuna swichi ukutani na chuma kinachopata joto. Bafu lipo, ulisema kweli, na maji ya moto yanatoka yenyewe. Alikaa anatazama ule ukuta mtupu, akiusogelea na kiti kidogo kidogo, akinyoosha mikono pale ambapo moto ungekuwapo. Aliuliza birika liko wapi. Katika fujo zile nililisahau juu ya jiko. Nilishuka kwa miguu hadi mjini kulifuata, kumbe paa lilikuwa limeshaanguka, na walikuwa wanapakia vifusi kwenda kujaza gati itakapopita barabara, pamoja na mawe ya lile tao la bandarini walilolivunja. Kwa hiyo liko humo, chini ya barabara yako.

Alikaa siku saba. Siku ya mwisho niliamua kumwambia ukweli. Nilimwambia, "Baba, yule alikuwa Ranald. Ijumaa ile. Alituandikia uongo." Nilikuwa na hasira, nilitaka akuhukumu kabla hajaondoka. Unajua alinijibu nini? "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea kwenye kichochoro kile. Nisiujue mwendo wake?" Nikamuuliza basi kwa nini aliniacha nimsomee barua ile. Akasema, "Si alijitahidi kuiandika." Halafu akaniomba nisibadilishe kamba. Akarudia mara mbili, namba moja ni ya Ranald. Niliapa.

Jana tulimpeleka. Gari la maiti lilipita pale kwenye ujenzi kwa sababu njia nyingine zote zimefungwa. Wafanyakazi walizima mashine wakavua kofia, kama watu wanavyofanya. Ulikuwa umesimama katikati yao. Koti la kijivu. Na wewe ulivua kofia, ukainamisha kichwa, ukaweka kofia kifuani, kwa heshima kabisa, kama unavyomvulia mtu usiyemjua anayepita. Nilikuwa nyuma ya kioo, karibu kiasi kwamba niliona umekata nywele. Sikugonga kioo. Nilikuwa nafikiri utakuja kwa miguu, si mbali. Hadi dakika ya mwisho nilifikiri hivyo.

Ndiyo, nilikwenda makaburini. Bella alinishika mkono akasema, "Isa, usilete mambo, wanawake hawaendi." Nikamwambia pai zitajipasha. Mzishi akaita namba moja. Wanaume wakatazama lango. Akaita tena. Mchungaji akakohoa. Basi nikavua glavu nikatoka mbele. Mume wa Bella akanong'ona, "Mwacheni," na mzishi akanipa kamba. Alikuwa mwepesi mno, Ranald. Wote walishikilia kamba zao kwa nguvu na hapakuwa na uzito wowote, hata kichwani.

Sikuvunja kiapo changu. Kamba ile ilikuwa ya Ranald, na mimi niliishika kwa niaba yake kwa sababu hakuwapo. Alikuwa mtoto mzuri. Alipigana akatoka damu kwa ajili ya baba yake.

Mkeo aliniandikia. Najua sasa kuhusu nahodha na meli yake. Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, na kalamu nilikuwa nimeishika. Lakini baba alikulinda akiwa kwenye kile kiti, mbele ya watu, na mimi siwezi kuufanya wema wake kuwa bure. Nimemwambia kadi ilikosewa, na kwamba sisi ni jamaa wa mbali. Kaa kwa amani, hatajua kutoka kwangu.

Ila sikumdanganya. Nimeliandika hilo nikiwa na akili timamu, na nitaishi nalo. Mtoto wako akizaliwa usiniletee habari, kwa maana watu hawaandikii jamaa wa mbali habari kama hizo. Kikombe cha buluu nimempa Bella.

Wako katika msiba,
Bi I. Kinnear